Uzito Wetu Kileleni mwa Pembea

Wa kwanza kunitisha hakuwa mwenye pembea. Alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, na alinitisha bila kukusudia, mchana kweupe, darasa zima likijipepea kwa madaftari.

Alituuliza kwa nini mwanaanga akiwa ndani ya chombo chake huelea. Tukajibu sote kwa pamoja, kwa sauti ya watu wasio na shaka, kwamba huko juu hakuna graviti. Mimi nilijibu kwa nguvu kuliko wote maana nilitaka tumalize nikale. Mwalimu akacheka, akapanda juu ya meza yake na vipande vya chaki mkononi. Akasema graviti ya kule wanakopita ni karibu sawa na hii ya hapa Malindi, imepungua kidogo tu. Kama isingekuwepo, setilaiti ingejiendea zake moja kwa moja na tusingeiona tena.

"Haielei," akasema. "Inaanguka."

Akarusha chaki taratibu, ikaanguka kwenye madawati ya mbele. Ya pili akairusha kwa nguvu, ikafika katikati. Ya tatu ikagonga ukuta wa nyuma. Basi, akatuambia, fikirini ukuta haupo, wala hewa ya kuizuia haipo, na chaki imerushwa kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi. Itaanguka vilevile. Lakini dunia ni mviringo, inainama mbele yake. Chaki inashuka, ardhi nayo inazidi kuinama, hazikutani. Hiyo ndiyo obiti, kuanguka kusikoisha. Na mtu aliye ndani anaanguka pamoja na kiti chake na sahani yake na mswaki wake, wote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Uzito tunaousikia mwilini, akasema, ni kile kiti kinavyotusukuma juu. Kiti kikiacha kukusukuma, huusikii tena uzito, na graviti iko palepale inakuvuta.

Wenzangu waliandika, wakapiga mstari, wakafunga madaftari. Mimi mwili ulinisisimka. Tangu utotoni nilijua setilaiti zipo. Kwetu si habari ya mbali, maana ukienda Ngomeni unaziona zile nguzo za chuma zimesimama baharini, mahali ambapo zamani roketi zilirushwa, na babu alikuwa akisimulia jinsi mabati yalivyotetemeka. Ila mimi nilidhani vitu vile vikishafika juu vinatulia, kama picha iliyotundikwa ukutani. Sasa naambiwa vinaanguka, hivi sasa, juu ya vichwa vyetu, wakati sisi tunakula muhogo. Nikamuuliza mwalimu, je, kimoja kikichoka? Akasema hakuna cha kukichosha, kule hakuna kinachokisugua. Zile tu zinazopita chini chini, zikaguswa na hewa nyepesi, ndizo hupungua kasi, zikashuka, zikaungua. Alisema kama mtu anayenituliza. Hakunituliza. Siku zile nikitembea barabarani nilikuwa napiga hatua nzito makusudi, ili nisikie ardhi inanisukuma.

Na mimi si mtu wa subira. Kitu kikinitisha siwezi kukaa kukingoja kipite. Nikamfuata mwalimu hadi nje ya ofisi, nikamwambia sikubali hayo mambo mpaka niyasikie kwa mwili wangu. Akasema ni rahisi, Idi imekaribia. Panda pembea. Pale juu kabisa, kisanduku kinapoanza kuteremka, kinaondoka kidogo chini yako na uzito wako unapungua. Hata roho huruka kwa sababu hiyo. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya springi, tundika kitu cha kilo moja, usome mshale ukiwa juu, usome tena ukiwa chini. Uniletee namba.

Mizani nyumbani ipo. Mamangu hununua korosho kwa watu wa Magarini, anazikaanga, anazifunga kwenye vifuko, anauza sokoni. Nilipomwomba mizani na kifuko cha kilo, aliuliza ni pembea gani hiyo inayopima korosho. Nikamweleza obiti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema korosho moja ikipungua nitaenda kuishi huko huko obiti.

Idi yenyewe, baada ya alasiri, tulikwenda uwanjani mimi na shangazi na mdogo wangu wa kike wa miaka saba. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, satini ya waridi inayong'aa kama maganda ya pipi, na mikono imejaa hina. Njia nzima alikuwa anauliza kama wale wa angani huvaa gauni. Nikamwambia gauni lingewapanda kichwani. Akafurahi sana.

Pembea ya Idi kwetu haina mota. Ni gurudumu kubwa la chuma na mbao, urefu wake unapita paa la nyumba, limesimamishwa juu ya miguu ya chuma, na limetundikwa visanduku vinne vya rangi nne. Kila kisanduku kina ubao wa kukalia watoto wawili, na mbele ya tumbo kinapita chuma cha kuzuia, kinaingia kwenye tundu, kinafungwa kwa pini. Wanaozungusha ni watu wawili kwa mikono yao. Mwenye pembea husimama upande mmoja, mwenzake upande wa pili, kila kisanduku kikipita wanakivutia chini kwa nguvu za mabega. Kisanduku kikikosa watoto hufungiwa gunia la mchanga, ili gurudumu lisilemee upande mmoja.

Na ina desturi yake. Mwenye pembea huuliza, "Niongeze?" na watoto hujibu, "Ongeza, ami!" Ukipiga ukelele anaongeza. Ukimwomba asimame, ndio kabisa anaongeza. Hakuna anayelalamika, maana kuomba asimame ni sehemu ya raha yenyewe. Kila mtoto wa mji huu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Tukapanda kisanduku cha kijani. Mwenye pembea, mtu mzima mwenye mabega mapana na kanzu aliyoikunja mpaka kiunoni, akatufungia chuma, akaitazama mizani yangu.

"Unauza huko juu, binti?"

Nikamwambia nafanya hesabu ya shule. Akamwambia mwenzake leo wamebeba profesa, wamsukume kwa heshima.

Mizunguko ya kwanza ilikuwa mitamu. Niliishika mizani mbele ya uso wangu, na wallahi mwalimu alisema kweli. Tukipita juu mshale unapanda kwenye namba ndogo, kilo inakuwa si kilo. Tukifika chini unavutwa mpaka unapita kilo, na mimi mwenyewe nasikia ubao umenikaba mapajani. Korosho ni zile zile. Nilicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu lile somo sikuogopa, maana nilikuwa nimekikamata kile kitu, nakiona kwenye mshale.

"Niongeze?"

"Ongeza, ami!" Visanduku vyote vikajibu. Mdogo wangu ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Akaongeza. Mshale pale juu ukapanda hadi robo tatu ya kilo, halafu nusu. Nilikuwa nimeukodolea macho kiasi kwamba sikuona pini ilivyotoka. Niliisikia tu, tiki, imegonga chuma mahali fulani ikaenda zake. Tulipopita juu mara iliyofuata, chuma cha kuzuia kikatoka kwenye tundu lake, kikafunguka kama mlango, kikabaki kinaning'inia nje.

Mbele yetu hakukuwa na kitu. Paa za mabati, vichwa vya watu, kamba za taa za sikukuu, vyote vilikuwa chini na vilikuwa wazi.

Nilimkumbatia mdogo wangu kwa mkono wa kushoto. Mizani ilikuwa imenasa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nikaiacha hapo, nikashika ukingo wa kisanduku. Na hapo ndipo woga ulinishika kweli, kwa sababu nilijua kinachotokea. Ningekuwa sijui, ningeogopa kama mtu yeyote anavyoogopa kimo. Lakini nilijua kwamba kinachomweka mtoto juu ya ubao ni ule uzito wake kwenye ubao. Ubao wenyewe umepakwa rangi ya mafuta, gauni ni satini. Tukiwa chini tunakandamizwa, hata angetaka kuteleza asingeweza. Tukiwa juu, nusu ya uzito imeondoka, na kile kinachomzuia kuteleza nacho kimeondoka nusu. Kisanduku chenyewe kinayumba. Miguu yake haifiki sakafuni. Kila tulipofika kileleni nilisikia makalio yake yanasogea mbele, kidogo tu, kama mtu anayevuta kitambaa mezani.

Nikapiga kelele kwa pumzi yangu yote kwamba chuma kimefunguka, asimame.

"Bado!" akajibu kutoka chini, na uwanja mzima ukacheka.

Nikapiga tena. Akaongeza.

Shangazi alikuwa amesimama karibu na wauza ubuyu, ameinua simu, anatupiga video. Kila tulipopita alikuwa anatupungia mkono, anatuambia tutabasamu. Nilimtolea macho. Akaona ni mbwembwe, akacheka zaidi. Watoto wa kisanduku cha buluu, kilicho mkabala na chetu, walikuwa wanatuimbia kwamba wa kijani ni waoga, wa kijani wamekojoa. Mdogo wangu alikuwa analia sasa, kilio cha kweli, mdomo wazi, na hakuna mtu duniani aliyeweza kukitofautisha na vicheko vya wale wengine.

Mshale sikuusoma tena. Lakini mizani ilikuwa mkononi mwangu na niliisikia. Chini inanivuta mkono kama mtu mzima ananiita. Juu inakuwa nyepesi, nyepesi, mpaka mara moja nikahisi kifuko kama hakipo. Nikasema moyoni, hapa ndipo mwanaanga anapokaa. Yeye hana neno, chumba chake kinaanguka naye na hakimwachi. Sisi chumba chetu kinaanguka nasi kitambo kidogo tu, kisha kinageuza njia, na asiyeshikwa na kitu atabaki anaifuata ile njia ya kwanza, moja kwa moja, kuelekea kwenye zile kamba za taa.

Kwa kawaida nikiogopa napiga kelele zaidi. Ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nilikuwa nimeshaona kwamba kila nilipopiga kelele mabega ya yule bwana yaliongeza nguvu. Nilikuwa namlipa kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikamwinamia mdogo wangu sikioni. "Nyamaza."

"Dada, naanguka."

"Najua. Nyamaza ndiyo atasimama."

"Siwezi."

"Niume mkono. Niume kwa nguvu, usiachie."

Akaniuma. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa mapya, yameota majuzi, na yaliingia kwenye nyama ya mkono wangu. Mimi nikafunga mdomo. Tukapita juu kimya. Tukapita chini kimya, nikamtazama yule bwana machoni, sikusema kitu. Akasukuma. Tukapita juu tena, nikamsikia mdogo wangu anateleza, nikambana kwa mguu wangu juu ya miguu yake. Tukapita chini. Safari hii mikono yake haikusukuma. Ilibaki hewani.

"Hawa wa kijani wamenyamaza," akamwambia mwenzake. "Shika, shika, watatutapikia."

Wakaanza kushika. Gurudumu zito halisimami mara moja. Wanakamata kisanduku, linawaburura hatua mbili, wanakiachia, wanakamata kinachofuata. Kila mzunguko ulikuwa wa polepole zaidi, na kila tulipopita kileleni nilisikia uzito unaturudia, kwanza kidogo, kisha zaidi, kama maji yanayojaa ndooni. Halafu likasimama. Na lilisimama sisi tukiwa juu kabisa, kwa sababu cha buluu ndicho kilichokuwa chini, na wao hushusha kwa zamu.

Hapo juu, bila kwenda popote, bila chuma mbele, nilipaswa niogope zaidi. Niliogopa, lakini kwa namna nyingine. Mdogo wangu alikuwa amekaa. Ubao ulikuwa unamsukuma, yeye anausukuma ubao. Nikainua mkono, mshale ulikuwa umetulia kwenye kilo moja. Sijawahi kuupenda uzito wangu kama dakika ile. Mwenyewe ninajiita mnene kila siku mbele ya kioo, na hapo nilitamani niwe na wa ziada nimgawie.

Tukashushwa. Mdogo wangu akaachia mkono wangu, akarukia kwa shangazi, akajificha kwenye buibui lake. Shangazi alikuwa bado anacheka, ananionyesha simu. Nikaitazama kidogo. Kwenye video tulikuwa watoto wawili wenye vinywa wazi, wenye furaha kuliko wote uwanjani.

Sikushuka. Nilikuwa bado juu ya ubao, nataka kushuka, nikaona watoto wawili wa zamu inayofuata wameshashika ukingo wa kisanduku, wanapanda, mmoja mdogo kuliko mdogo wangu. Mwenye pembea alikuwa amekiona kile chuma. Akatafuta pini mchangani kwa mguu, hakuiona. Akatoa kipande cha kamba mfukoni, kamba ya kufungia kuku, akaanza kukifunga kile chuma kijuujuu, fundo ambalo hata mimi nilijua halitafika mzunguko wa tatu.

Nikamwambia kisanduku hiki kisipande mtu.

Alikuwa mpole, nitasema haki. Alisukuma tangu asubuhi, jasho lilikuwa limeilowesha kanzu mgongoni. Akaniambia nishuke taratibu, nitafute maji ninywe, hofu itaniondoka. Kwenye mstari wakaanza maneno. Mmoja akauliza kama nimekinunua. Mwingine akasema niachwe, nimeganda, niletewe sululu. Shangazi akaniita kwa sauti ya kunikanya, maana aibu ilikuwa imeshaanza kumpata.

"Binti," akasema mwenye pembea, "kile chuma ni cha kuwatuliza wazee wenu. Mtoto hashikwi na chuma. Mtoto anakaa kwa uzito wake."

"Pale juu hana uzito."

"Hana uzito? Amekuwa karatasi?"

Watu wakacheka. Nikanyanyua mkono wenye mizani, nikamwambia nimepima, kilo ilikuwa inaisha pale juu. Akasema hiyo ni kilo moja ya korosho, hata upepo unaichukua. Mtoto ni kilo ishirini. Nikamwambia ni mamoja. Kilo moja na ishirini zinaanguka kwa mwendo mmoja, mwepesi hatangulii na mzito habaki, ukiwaondolea kiti chini yao wote wanakuwa sawa. Nilisema haraka haraka, maneno ya mwalimu na yangu yamechanganyika, na nikaona usoni mwake kwamba anasikia kelele za mtoto wa shule tu.

Akageuka, akanyanyua gunia la mchanga. Alilinyanyua kwa shida. Akalionyesha kwa watu wa mstari, akaniuliza kama mdogo wangu ni mzito kuliko hili. Nikasema la. Akasema basi nishuke, atanionyesha, ili watu wapande na sikukuu iendelee.

Nikashuka. Akaliweka gunia juu ya ubao, mahali alipokuwa amekaa mdogo wangu, bila kamba, bila chuma. Kwenye cha mkabala akafunga jingine kwa kamba, lisawazishe. Visanduku vingine viwili watoto walikuwa wameshashushwa, vilikuwa vitupu. Akawaambia watu wasogee, lakini kwa mzaha, kama mchezaji wa mazingaombwe. Mwenzake akaenda upande wa pili. Wakaanza.

Mizunguko ya kwanza gunia lilikaa kama sheikh. Watu wakaanza kunizomea taratibu. Yule bwana akanitazama, akatabasamu, akauliza kwa sauti, "Niongeze?" na watoto wote wa uwanja wakamjibu.

Mimi sikujibu. Nilitamani niwe nimekosea. Nilitamani kwa roho yangu yote gunia likae pale, mwalimu awe mwongo, mimi niwe mwoga wa bure mbele ya mji mzima, nirudi nyumbani na aibu yangu tu.

Wakaongeza. Kasi ile ile ya kwetu, niliijua kwa sauti ya chuma kilivyokuwa kinalia. Lilipopita juu nikaliona limesogea. Likapita chini, limelala imara. Likapita juu, limesogea tena, pembe moja nje ya ubao. Mwenye pembea hakuwa anaona, alikuwa anatazama mikono yake. Likapita chini. Likapita juu, na pale kileleni lilitoka. Halikutoka kwa kishindo. Liliteleza kama linavyoteleza jambo ambalo halijashikwa na mtu, likaenda mbele, likapita juu ya kamba za taa, kisha likashuka.

Kishindo chake nilikisikia kwenye nyayo. Gunia lilipasuka, mchanga ukatandaa, hatua chache kutoka pale mama mmoja alipokuwa amesimama na kibeseni cha viazi.

Gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake, limelemea upande mmoja, mpaka mwenzake akalikamata. Hakuna aliyecheka. Watoto wale wawili wa zamu walikuwa bado wamesimama mbele ya mstari na sarafu zao mkononi. Mwenye pembea alikuwa palepale, mikono imeinuka kifuani kama anataka kusukuma tena, na anautazama ule mchanga.

Kisha akautazama uwanja, uso baada ya uso, kama mtu aliyepoteza kitu sokoni.

"Yule mdogo," akauliza, na sauti ilikuwa imemwisha. "Yule mwenye gauni la waridi. Yuko wapi?"

"Yuko hapa," nikasema.

Shangazi alikuwa ameshaishusha simu. Akalifunua buibui lake, na mdogo wangu akachungulia, mdomo mwekundu kwa ubuyu. Yule bwana alikuja hadi karibu, hakumgusa. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, kuanzia nywele hadi viatu, halafu akarudi kwenye pembea, akaanza kuvifungua visanduku kutoka kwenye gurudumu, kimoja kimoja, akianza na cha kijani.